Kinachotufilisi Karagwe si tetemeko, ni mwezi unaofuata

Ukitaka kujua janga limepita wapi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, usihesabu nyumba zilizobomoka wala migomba iliyolala chini. Ulizia ni kahawa ya nani iliyouzwa ikiwa bado maua.

Biashara hiyo tunaiita butura. Mnunuzi anafika kibanjani kati ya Desemba na Machi, miezi ambayo mfuko wa mkulima umekauka na kahawa ya msimu ujao ingali kijani mtini. Wanazunguka shamba pamoja, wanakadiria mibuni itatoa magunia mangapi, wanapatana bei. Karatasi inachanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, shahidi mmoja anatia sahihi, pesa zinahesabiwa palepale. Mavuno yakifika, mwenye shamba anageuka kibarua kwenye shamba lake mwenyewe: anachuma, anaanika, anageuza kahawa juani, kisha anamfungia magunia mtu mwingine.

Viongozi wa mkoa wamepiga marufuku butura mara nyingi, na kila msimu inarudi. Inarudi kwa sababu tunaishughulikia kama tabia mbaya au ujinga wa mkulima. Mkulima wa Nyakahanga si mjinga. Bei ya kahawa anaijua, na anajua kwamba akingoja miezi mitano atapata mara mbili au tatu. Anauza kwa sababu jana kuna jambo limempata: mtoto amelazwa hospitali, mvua ya mawe imepiga maharage, upepo umeangusha migomba usiku mmoja. Jambo hilo linataka pesa leo, na mtu pekee anayeweza kuitoa leo ni yule mnunuzi.

Ninachotaka kusema ni hiki: hatari kubwa inayoikabili biashara na kilimo katika wilaya hizi si janga lenyewe. Ni kukosa pesa ya haraka katika mwezi unaofuata. Janga linakula mali ya leo; ukosefu wa pesa unakula mali ya kesho, na mara nyingi hasara hii ya pili ndiyo kubwa.

Chukua hesabu nyepesi. Tuseme mtu ameuza butura kilo 500 kwa Sh1,000 kila kilo mwezi Januari. Ameshika Sh500,000. Msimu unafunguka, mnada unatoa Sh3,000. Kahawa yake ingempa Sh1,500,000. Maana yake amelipa milioni nzima kama riba ya mkopo wa nusu milioni kwa miezi sita. Hakuna benki yoyote nchini ingethubutu kubandika riba ya namna hiyo ukutani. Na bei inavyozidi kupanda, ndivyo mwenye butura anavyozidi kuumia. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miongo kadhaa, na sababu mojawapo ilikuwa ukame uliowapiga wakulima wa Vietnam. Janga la wenzetu likawa neema kwetu. Lakini neema hiyo iliwafikia waliokuwa bado na kahawa yao.

Majanga si wageni hapa

Mkoa wetu wa Kagera hauna upungufu wa misukosuko. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa ufalme wa Karagwe, na pamoja nao ukaondoka utajiri uliokuwa umesimama juu ya kwato. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likalipuliwa, njia ya kwenda Mutukula ikakatika. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu. Ugonjwa ule haukuanza na wazee. Uliwachukua wachuuzi, madereva na vijana waliokuwa wameshapata mtaji, na yako maduka yaliyofungwa kwa sababu tu aliyejua nani anadaiwa kiasi gani alikuwa ameshazikwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990, iliyotufundisha kwamba hata wateja ni hatari. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Wengine wakafuata, na Karagwe nayo ikapata makambi yake, yakiwamo Kyabalisa na Omukariro. Ndizi na maharage vikapanda bei, vibarua wakawa wengi, vibanda vya biashara vikaota kando ya makambi. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, na soko zima likaondoka kwa miguu. Aliyekuwa amekopa kujaza duka mwezi Novemba alibaki na bidhaa na deni, bila tofali hata moja kuanguka.

Katikati ya miaka hiyo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria, wakiwamo wafanyabiashara waliosafiri na mizigo yao. Familia zilipoteza mtu na mtaji kwa siku moja. Baadaye MV Victoria nayo ilikaa bandarini miaka kadhaa hadi iliporejea ziwani mwaka 2020, na kwa kipindi hicho mzigo wa Bukoba ulitegemea barabara. Mwaka huohuo wa 2020 corona ilipanga malori Mutukula madereva wakisubiri vipimo. Machi 2023 Marburg ikatangazwa Bukoba Vijijini, na Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na waliohamishia biashara yao kwenye simu wakajua jinsi duka linavyoweza kufungwa bila kufuli.

Ongeza na umeme. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imepata umeme kutoka Uganda, ukipita Masaka hadi Kyaka. Hitilafu ikitokea ng'ambo ya mpaka, mashine ya kusaga ya Omurushaka inasimama, fundi wa kuchomelea anakaa kijiweni, na maziwa kwenye jokofu la Kayanga yanaanza kuchacha.

Ng'ombe, vita, ugonjwa, wakimbizi, meli, umeme: havifanani hata kidogo. Kinachofanana ni namna kaya inavyojibu. Inauza mbuzi, inauza kahawa mtini, inamtoa mtoto shuleni, inauza kipande cha kibanja. Vyote vinauzwa kwa haraka, na chenye haraka hakina bei.

Janga lisilopiga kelele

Katika yote hayo, lililotupiga mfukoni kwa muda mrefu bila kutangazwa redioni kama maafa ni mnyauko wa migomba. Bakteria wake walionekana Uganda mwaka 2001, na katikati ya muongo ule wakawa wameshaingia Kagera.

Anayeujua mnyauko anajua unavyoanza. Jani changa linakuwa njano na kulegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ua dume linanyauka. Mkungu unaiva kabla ya wakati, vidole vingine vya njano na vingine vya kijani, na ukikata ndizi ndani unakuta madoa ya kahawia kama kutu. Ukilikata shina kwa panga na kungoja dakika chache, linatoa ute wa njano. Kosa la kwanza ambalo wengi walilifanya ni kulichukua panga lilelile na kuhamia shina la pili. Panga ndilo lililousambaza ugonjwa kutoka kibanja hadi kibanja, likisaidiwa na wadudu wanaotembelea maua.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku na wenzao walikuja na maelekezo yanayofanya kazi: vunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, choma panga kwenye moto au lioshe kwa dawa ya klorini, ondoa mgonjwa mapema. Lakini mwanzoni mkulima alitakiwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote, na vijiji vikaweka sheria ndogo za kusimamia hilo. Hapo wengi wakagoma kimyakimya. Mgomba mmoja ulikuwa umeugua, lakini wenzake watatu wa shina hilohilo walikuwa na mikungu inayokaribia kukomaa. Nani angekulisha mwaka mzima wa kungoja migomba mipya? Ugonjwa ukapata nafasi ya kutambaa kwa sababu tiba ilimtaka mkulima ajifilisi kwanza, bila mtu wa kumshika mkono katikati. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kukata ule mgomba mmoja unaougua, tena na tena na kwa wakati, kunatosha kuudhibiti, na hapo watu wakashirikiana zaidi. Funzo lake ni la kiuchumi kuliko la kilimo: tahadhari isiyo na pesa ya kuvukia haitekelezwi.

Na kibanja hakipotezi ndizi peke yake. Migomba ndiyo kivuli cha mibuni, majani yake ndiyo matandazo, na mkungu ndio pesa ya kila wiki wakati kahawa ni pesa ya mwaka. Babu zetu walichanganya migomba, kahawa na maharage kwenye kipande kimoja kwa hesabu ya hatari: hiki kikianguka, kile kinabeba. Mgomba ulipoanguka, mzigo wote ukahamia kwenye kahawa. Kahawa nayo ilikuwa na mnyauko wake, ule wa fuzari, ulioingia mkoani mwishoni mwa miaka ya 1990. Miche ya robusta inayouvumilia, kama Maruku 1, ilitolewa mwaka 2011, na mche hauzai mwaka unaopandwa. Katika pengo hilo, butura ilishamiri.

Msaada unaofika ukiwa umechelewa

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, zaidi katika Bukoba na Misenyi. Michango ikamiminika kutoka kila pembe ya nchi na nje. Serikali iliamua sehemu kubwa ya michango hiyo ielekezwe kwenye taasisi za umma, shule na vituo vya afya, na wananchi wajijengee wenyewe. Sekondari ya Ihungo ikasimama upya.

Unaweza kuutetea uamuzi ule. Shule ni ya wote, na hakuna Serikali yetu iliyowahi kuwa na fedha ya kumjengea kila mtu nyumba. Lakini angalia ulivyomwacha mwenye duka dogo la Bukoba au fundi cherehani wa Kyaka ambaye ukuta ulimwangukia mashine. Hakuhitaji nyumba mpya kutoka kwa Rais. Alihitaji mashine nyingine ndani ya wiki mbili, kabla wateja hawajamzoea fundi mwingine. Hakuna mfuko wowote kati ya iliyofunguliwa uliokuwa umeundwa kwa ajili ya wiki hizo mbili.

Tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa kutoka taifa hadi ngazi za chini. Kazi yake kubwa, kwa haki kabisa, ni kuokoa maisha, kutibu, kuhifadhi waliokosa makazi. Kurudisha biashara kwenye mzunguko si kazi ambayo mtu yeyote ameajiriwa kuifanya.

Tuna msemo wa kujiliwaza: ajali haina kinga. Ni kweli kwa ajali yenyewe. Umaskini unaofuata baada ya ajali una kinga, na kinga hiyo tayari tunayo vijijini. Tumeiwekea mpaka tu pale inapoishia.

Chama cha kuzikana kinajua jambo ambalo benki haijui

Nenda kijiji chochote cha Kagera mtu akifariki. Kabla jua halijazama, chama cha kuzikana kimeshakusanyika. Daftari linafunguliwa, majina yanaitwa: huyu ndizi, huyu maharage, huyu kuni, huyu pesa, vijana kuchimba kaburi. Asiyefika bila udhuru anapigwa faini. Mfiwa halazimiki kuuza chochote siku hiyo.

Vyama hivi vimeshafanyiwa utafiti wa kina. Kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, chenye kaya 119, kinajulikana na wachumi duniani kwa sababu mwaka 2000 watafiti walizifuatilia kaya zake zote kuona nani anamsaidia nani. Walikuta vyama vyenye kanuni na michango inayoeleweka, na vyama vya wanawake ambavyo vilikwenda mbali zaidi na kumsaidia hata aliyelazwa hospitali. Kwa lugha ya mjini, hiyo ni bima kamili, isiyo na ofisi wala wakala.

Siri yake ni kasi. Hakuna fomu, hakuna mkaguzi wa kuja kuthibitisha hasara, kwa sababu jirani ndiye shahidi. Vikundi vya hisa vinavyokutana kila wiki navyo vina mfuko wa jamii unaofanya kazi kwa mtindo uleule: mwanachama akiuguliwa, anapewa fungu lake siku hiyo. Linganisha na mkulima anayeomba mkopo benki akiwa na hati ya kimila ambayo afisa mikopo anaipindua mara tatu bila kujua aifanyie nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo likishauma mtu anakwenda kwa mwenye butura.

Lisilopendeza kusikia ni kwamba mwenye butura naye ni mtoa bima. Anafika kibanjani siku ileile, haulizi maswali, anabeba hatari ya bei kushuka au mvua kuharibu kahawa. Kosa lake ni bei anayotoza. Ukimpiga marufuku bila kuweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, unachofanya ni kuisukuma biashara ile gizani, ambako bei ya mkulima inazidi kushuka kwa sababu mnunuzi sasa anataka kulipwa pia kwa hatari ya kukamatwa.

Chama cha kuzikana nacho kina ukomo. Kinaweza kubeba msiba wa nyumba moja kwa sababu nyumba nyingine zimesimama. Tetemeko, mnyauko, mvua ya mawe inayofagia kata nzima au mpaka unaofungwa vinawapata wanachama wote kwa mpigo. Siku hiyo daftari linafunguliwa na hakuna wa kuchangia. Ndiyo maana tunahitaji ngazi ya pili juu ya kijiji, na ngazi ya tatu juu ya wilaya.

Ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ipo. Iachwe ifanye kazi. Wanaotaka kuvisajili vyama vya kuzikana na kuvitoza kodi wavikalie mbali.

Ngazi ya pili ni chama cha msingi na chama kikuu. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa yote ya wakulima ipitie ushirika, kwa maana ya vyama vya msingi (AMCOS) na vyama vikuu kama KDCU cha Karagwe na KCU cha Bukoba. Nia ilikuwa kumkinga mkulima na walanguzi. Lakini kilio cha malipo kuchelewa kimesikika mara nyingi tangu hapo, na kila wiki ya kuchelewa ni faida kwa anayevusha kahawa usiku kwenda Uganda kupitia Kyerwa, kwa sababu ng'ambo wanalipa taslimu.

Mfumo huo, hata hivyo, umetuachia kitu cha thamani ambacho hatukitumii: kumbukumbu. Kila AMCOS inajua mwanachama fulani alileta kilo ngapi msimu uliopita na uliotangulia. Hiyo ni dhamana bora kuliko hati ya nyumba. Chama kikuu kingeweza kufungua dirisha la mkopo wa dharura kati ya Desemba na Aprili: mwanachama aliyepatwa, akithibitishwa na majirani watatu, apate kwenye simu ndani ya siku tatu kiasi kisichozidi theluthi ya thamani ya kahawa aliyoleta msimu uliopita, na kikatwe mnadani. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, nusu milioni ya miezi sita ingemgharimu Sh60,000. Leo butura inamgharimu milioni.

Najua pingamizi. Watu watakopa AMCOS kisha wapeleke kahawa kwa magendo. Wengine watafanya hivyo, hasa mwaka wa kwanza. Lakini anayekopa kwa jirani zake na kuwakimbia anapoteza dirisha hilo kwa miaka yote inayofuata, na majirani watatu waliomthibitisha wanapoteza pamoja naye. Chama cha kuzikana kinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo, na wachache mno wanathubutu kukikimbia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni uadilifu wa viongozi wa vyama, na hapo jibu ni moja tu: orodha ya waliokopeshwa ibandikwe kwenye mlango wa AMCOS kila mwisho wa mwezi, majina na kiasi. Anayeona aibu jina lake lionekane asikope.

Ngazi ya tatu ni ya mwaka mbaya, ule ambao dirisha lenyewe linakaukiwa kwa sababu kata nzima imepigwa. Hapa ndipo bima inapoingia, lakini si kwa namna tunayouziwa. Kampuni za bima zimeunda muungano wa bima ya kilimo tangu mwaka 2023, na baadhi ya bidhaa zinalipa kwa kutumia vipimo vya mvua vya setilaiti bila mtu kuja kukagua shamba. Tatizo ni kumpelekea bima hiyo mkulima mmojammoja wa ekari mbili. Haielewi karatasi, haamini ahadi, na gharama ya kumfikia inaimeza bima yenyewe. Chama kikuu ndicho kinapaswa kuwa mteja: kinunue kinga moja kwa wilaya nzima, na mwaka wa ukame au wa mvua iliyopitiliza, malipo yaingie kwenye dirisha la dharura, si kwenye mikono 10,000 iliyotawanyika.

Utaratibu huu si ndoto. Nchi za Karibi ziliunda mfuko wao wa pamoja mwaka 2007, unaolipa kwa kuangalia nguvu ya kimbunga au tetemeko badala ya kuhesabu paa moja moja. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, takriban dola milioni 8 ziliifikia ndani ya wiki mbili. Hazikutosha hata chembe kwa ukubwa wa maafa yale, lakini zilikuwa miongoni mwa fedha za kwanza kufika, na Serikali ilikuwa na kitu cha kuendeshea shughuli zake wakati ahadi kubwa zaidi zikisafiri kwenye makaratasi. Kenya nayo inawalipa wafugaji wa kaskazini kwa kuangalia malisho kupitia setilaiti. Kwetu magonjwa kama mnyauko hayaonekani kwenye kipimo cha mvua, kwa hiyo bima hiyo isichukuliwe kuwa dawa ya yote. Itabeba hali ya hewa. Magonjwa yatabebwa na akiba.

Akiba hiyo itoke wapi? Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinakusanya ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye kahawa. Mwaka wa bei nzuri ushuru unapanda, na mwaka wa bei nzuri ndio wa kuweka, kwani mwaka wa janga halmashauri nayo inakuwa masikini pamoja na wananchi wake. Sheria tayari inazibana halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nani alisema hatuwezi kutenga sehemu ndogo ya ziada ya ushuru wa kahawa kwa ajili ya mwaka mbaya, kwa kanuni iliyoandikwa mapema ya lini itafunguliwa na nani atalipwa kwanza? Ikiachwa iamuliwe siku ya janga, itakwenda kwa anayepiga kelele zaidi.

Mwenye duka naye asikae pembeni

Wafanyabiashara wa Omurushaka, Kayanga na Nkwenda watasema haya ni ya wakulima. Si kweli. Mkulima akiuza butura Januari, duka halina mteja Julai. Mtaji wa duka na kahawa ya mtini ni pesa moja inayozunguka.

Lakini kuna la kwao pia. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, tuliwasikia wengi wakilia bidhaa. Wachache walitaja kilichowauma kwa muda mrefu zaidi: daftari la madeni. Ukiingia duka lolote la vifaa huku kwetu utaliona chini ya kaunta, limechakaa kona, kurasa zimejaa majina ya utani, tarehe na viasi, mengine yamekatwa kwa mstari mara mbili. Robo ya mtaji wa duka, pengine zaidi, imo humo. Moto, mvua ya paa linalovuja, au mwenye duka kufariki ghafla, na madeni yote yanasamehewa bila mtu kukusudia. Kulipiga picha kila Jumamosi jioni na kumtumia mke au kaka ni kazi ya dakika tano. Ni bima ya kwanza, haina malipo.

Ya pili ni kutokutegemea njia moja. Anayeleta bidhaa zote kutoka Kampala anafunga duka mpaka ukifungwa. Anayeleta zote kutoka Mwanza anafunga barabara ikikatika. Kuwa na muuzaji wa pili unayemlipa kidogo kila robo mwaka, hata kama bei yake imepita kidogo, ni gharama ya biashara kama kodi ya pango. Ya tatu ni leseni na kumbukumbu. Ni vigumu asiye na risiti wala hesabu kukatiwa bima ya moto, na hata akikatiwa atashindwa kudai.

Msimu wa mikutano mikuu ya vyama vya msingi huwa na ajenda nyingi: bei, magunia, uchaguzi wa bodi. Mwaka huu wanachama waongeze swali moja, waliulize wakiwa wamesimama na jibu liandikwe kwenye muhtasari: mwanachama akipatwa na janga kesho, pesa ya ushirika itamfikia baada ya siku ngapi? Wasikubali jibu la "tutaangalia utaratibu". Wadai namba. Bodi isiyo na namba hiyo ibadilishwe, kwa sababu mshindani wake anayo, na namba yake ni sifuri.